Bibi Alihesabu kwa Vidole

Dodoso la sensa ya 2022 lilikuwa refu, na maswali mengi watu waliyajibu huku mikono ikiendelea na kazi. Mmoja anachagua mchele, mwingine anamvalisha mtoto, mwingine anakujibu akiwa bafuni, sauti inapitia dirishani. Mnapikia mkaa au gesi? Choo ni cha aina gani? Kuna redio? Ila swali la watoto lilikuwa linasimamisha mikono. Mwanamke anaulizwa amewahi kuzaa watoto wangapi waliozaliwa hai, wa kiume wangapi na wa kike wangapi. Wangapi anaishi nao hapo, wangapi wanaishi kwingine, wangapi wamefariki. Karani unagusa kishikwambi, namba inaingia, unapitiliza swali linalofuata. Usitoe pole ndefu, tuliambiwa kwenye mafunzo, utachelewa.

Katika kaya moja pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Chanika, nilikuta wanawake watatu kwenye mkeka mmoja: bibi, binti yake na mjukuu. Nikaanza na bibi kwa heshima ya umri. Shikamoo, marahaba mwanangu, mbona unatembea na jua hili, kaa kivulini. Nilipomuuliza amezaa watoto wangapi, naye akaniuliza, "Wote?" Nikamwambia ndiyo bibi, wote. Akanyoosha mkono wa kushoto akaanza kukunja vidole, anataja majina kimoyomoyo, midomo inacheza lakini sauti haitoki. Mkono wa kwanza ukaisha. Akahamia wa kulia, akasimama kidole cha nne. Tisa. "Na waliofariki, bibi?" Hakujibu kwa mdomo. Alivifungua vidole vinne, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayefungua fundo la kanga aliloweka pesa. Vilivyobaki vimekunjwa vilikuwa vitano.

Binti yake, mama wa miaka hamsini na kitu, hakuhitaji vidole. Sita, wote wapo, mmoja yuko Nachingwea anafundisha. Mjukuu alikuwa na miaka 23 na mtoto mmoja mgongoni. "Mmoja," akasema, kisha akaongeza bila kuulizwa, "na kijiti kipo," akijigusa mkono juu ya kiwiko, palipowekwa kijiti cha kuzuia mimba. Mama yake akamkata jicho. Dodoso halikuwa na mahali pa kuandika hilo. Nikacheka, nikaendelea.

(Hapa nimechanganya kaya mbili tatu. Makarani tuliapa kutunza siri, na kiapo sijakisahau.)

Usiku ule wanawake wale watatu walikataa kunitoka kichwani. Bibi kazaa tisa, binti kazaa sita: ukihesabu mimba, uzazi umepungua kwa theluthi nzima. Sasa hesabu sahani za jioni. Bibi alilea watano hadi ukubwani, binti kalea sita. Ukoo ulikua kwa kasi zaidi katika kizazi kilichozaa kidogo. Tangu hapo kila nikisikia mtu anasema Watanzania tumeongezeka kwa sababu tunazaa sana siku hizi, nakumbuka vile vidole vinne.

Matokeo yalitangazwa Jumatatu ya tarehe 31 Oktoba 2022. Rais Samia alikuwa Dodoma, mimi nilikuwa nimerudi kwenye kazi yangu ya ualimu, tuko chumba cha walimu na redio ya simu imeegeshwa ndani ya kikombe ili sauti ipande. Watu 61,741,120. Mwalimu wa hisabati akachukua chaki akaandika zile namba ambazo kila mwalimu wa jiografia anazo kichwani: 1967, milioni 12.3; 1978, milioni 17.5; 1988, milioni 23.1; 2002, milioni 34.4; 2012, milioni 44.9. Akatoa ya mwisho kwenye mpya. Milioni 16.8 kwa miaka kumi. Akasimama akiangalia ubao, akasema, "Kwa hiyo ndani ya miaka kumi tumeongeza Tanzania nzima ya Azimio la Arusha, na chenji ya watu milioni nne na nusu."

Kimya kidogo. Halafu mwenzetu mmoja, anayefundisha madarasa ya juu, akatoa ile hukumu inayotolewa kila mahali: watu wanazaa ovyo, hasa huko vijijini kwenu. Vijijini kwenu maana yake kwetu Lushoto. Nikamjibu, tukabishana mpaka kengele ikalia, na bado naona sikumalizia. Ndiyo sababu ya makala haya.

Kwanza Lushoto yenyewe. Bibi mzaa baba alizaliwa milimani Usambara wakati Waingereza wanalalamika kwamba milima imejaa. Sensa ya 1948 ilikuta watu kama milioni saba na nusu katika Tanganyika yote, chini ya nusu ya walioongezeka kati ya 2012 na 2022 peke yake, lakini mabwana shamba walikuwa wameshaamua kwamba Mlalo, huko huko Lushoto, hapatoshi. Wakaleta mpango wa kulazimisha watu wachimbe matuta kuzuia mmomonyoko. Wazee waliugomea mpango ule miaka ya 1950, na hasira yake ikaingia moja kwa moja kwenye siasa za kudai Uhuru. Nilipokuwa mdogo nilidhani matuta ni adhabu, jinsi bibi alivyolitamka hilo neno.

Bibi huyo naye alikuwa na hesabu yake. Alizaa wanane, wakabaki watano. Mama mkwe wake alizaa saba wakabaki wawili tu, babu yangu na shangazi yake baba. Kwa hiyo shamba la babu halikugawanywa. Hakukuwa na wa kugawana naye. Wazee wanapokumbuka enzi za ardhi tele, migomba mpaka unachoka kutembea, huwa natamani kuuliza: tele kwa sababu gani? Nyuma ya nyumba ya zamani, kwenye mteremko, kuna mahali ambapo tulikatazwa kucheza. Hakuna misalaba wala mawe, ni majani tu na mimea ya mpaka. Wale watano wa mama mkwe wake wamelala pale.

Kuhesabu vifo vya namna hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, maana havikuandikwa popote. Hakuna cheti cha kuzaliwa, hakuna cha kufa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuja Nairobi Mskoti mmoja mtaalamu wa hisabati, William Brass, kufanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki. Baadaye ndiye aliyeonyesha kwamba huhitaji rejista. Muulize kila mama amezaa wangapi na wangapi wapo, panga majibu kwa umri wa mama, na kwa hesabu fulani utapata kiwango cha vifo vya watoto cha nchi nzima, pamoja na cha miaka iliyopita. Swali lililosimamisha mikono Chanika chanzo chake ni huko. Dunia inatumia mpaka leo mbinu iliyopatikana kwa sababu mama zetu walikuwa wanakumbuka.

Wanakumbuka watoto, si miaka. Umri ndio uliokuwa unatutoa jasho. "Bibi una miaka mingapi?" "Wewe andika tu." Basi unatoa karatasi ya matukio, unaanza kutafuta: ulikuwa umeshaolewa tulipopata Uhuru? Wakati wa Azimio la Arusha? Vita ya Kagera ulikuwa na mtoto wa ngapi? Kifo cha Sokoine, kuzama kwa MV Bukoba, msiba wa Mwalimu. Mzee mmoja aliniambia yeye alizaliwa siku ambayo ng'ombe wa baba yake walivuka mto wote bila kuhimizwa, na akakataa kabisa tukio lingine lolote. Ndiyo maana ukitazama jedwali la umri la sensa yoyote ya huku kwetu utaona watu wamejazana kwenye 30, 35, 40, 45, kama abiria wanaogombea siti za mbele, na 31 na 33 ziko tupu. Wataalamu wanalainisha hizo namba baadaye. Nilimwandikia yule mzee 80. Nadhani nami nilichangia msongamano.

Turudi kwenye ubishi wa chumba cha walimu. Kuzaa kumepungua, na wala si kwa siri. Tafiti za afya ya uzazi mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuta mwanamke wa Tanzania anazaa kwa wastani watoto zaidi ya sita. Ule wa 2022 ulikuta 4.8, yaani 3.6 mijini na 5.5 vijijini. Kushuka huku ni kwa mwendo wa kinyonga, ila kinyonga naye anafika. Kilichoshuka kwa mwendo wa bodaboda ni vifo. Mwaka 1999 utafiti ulikuta watoto 147 kati ya kila 1,000 wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 wakawa 43. Humo mna chanjo ya surua, vyandarua vyenye dawa, dawa mseto ya malaria, pakiti za maji ya chumvi na sukari, na mama kujifungulia zahanati badala ya jikoni. Kila kimoja ukikitazama peke yake ni kitu kidogo, cha kubebeka kwenye kiganja.

Mstari haukunyooka, lakini. Kuna kipindi ulikwama, na watu wa umri wangu tunajua ulikwamia wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Sensa ya 1988 ilikadiria umri wa kuishi kuwa miaka 50, na ya 2002, miaka kumi na minne baadaye, ikakadiria 51. Muda wote huo, chanjo zote hizo, tukapata mwaka mmoja. Dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure mwaka 2004, na sensa ya 2012 ikasoma 61. Darasani kwetu, shule ya msingi, tulikuwa na wenzetu waliolelewa na bibi zao kwa sababu katikati palikuwa patupu. Leo wenye umri wa wazazi wale wanachukua dawa kliniki, wanalima, wanaona wajukuu, wanahesabiwa. Nao wamo kwenye zile milioni 16.8, na sijamsikia mtu akisema wamezidi.

Mwenzangu wa chumba cha walimu alikuwa na hoja moja nzuri, lazima nikiri. Kama kuzaa kunapungua, mbona kasi imepanda? Kati ya 2002 na 2012 tuliongezeka kwa asilimia 2.7 kwa mwaka; kati ya 2012 na 2022 kwa 3.2. Kwa 2.7 idadi inajirudufu kila miaka 26, kwa 3.2 haifiki 22. Sehemu ya jibu huenda ni hesabu zenyewe. Mwaka 2012 baadhi ya waumini wa Kiislamu waligoma kuhesabiwa kwa kuwa dodoso halikuwa na kipengele cha dini (kipengele hicho hakijaulizwa tangu 1967, pamoja na cha kabila), na mwaka 2022 tulikuwa na vishikwambi na anwani za makazi, kuruka nyumba ikawa vigumu. Waliofichika mara ya kwanza wakionekana mara ya pili, wanasomeka kama waliozaliwa.

Sehemu kubwa ya jibu lakini imekaa kwenye madawati yetu. Kati ya Watanzania 100, karibu 43 hawajafikisha miaka 15. Wasichana waliookolewa na chanjo miaka ya 1990 na 2000 sasa ni mama. Kila mmoja anazaa wachache kuliko mama yake, lakini mama ni wengi mno kuliko walivyokuwa. Yule bibi wa Chanika ana binti watatu hai. Hata kama hao watatu wangezaa wanne wanne tu, wangekuwa kumi na wawili, na bibi mwenyewe hakuzaa zaidi ya tisa. Hata kama kuanzia kesho kila mwanamke nchini angeishia watoto wawili, idadi ingeendelea kupanda kwa miongo kadhaa, kama treni iliyofungwa breki kwenye mteremko wa Saranda.

Ndiyo maana Umoja wa Mataifa unapokadiria kuwa Tanzania itakuwa na watu kama milioni 130 ifikapo 2050, mimi siisikii kama ramli. Wametutaja miongoni mwa nchi nane ambazo zitachukua zaidi ya nusu ya ongezeko lote la watu duniani hadi mwaka huo, pamoja na India, Nijeria, Pakistani, Ethiopia, Misri, Ufilipino na Kongo ya Kinshasa. Makadirio ya 2100 ni kitu kingine. Hayo yanategemea watu ambao wazazi wao hawajazaliwa, na yanabadilika kila yakitolewa upya, mimi siyatilii maanani sana. Lakini mama wa 2050 ninawajua kwa majina. Namkataza mmoja wao kila siku asile chaki.

Naomba nisimame hapa kidogo, darasani, maana ndipo ninapoiona hiyo milioni 130 kwa macho. Nafundisha darasa la kwanza. Kipimo cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba. Mwaka niliofanya kazi ya sensa nilikuwa na 112, tukawagawa asubuhi na mchana, nikawa nafundisha herufi "ba" mara mbili kwa siku. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya UVIKO, na kutokana nao yakajengwa madarasa 15,000 kwa miezi michache. Nilikwenda kuyaona yaliyojengwa jirani yetu: sakafu nzuri, madirisha ya alumini, dawati linanukia mbao. Sijawahi kuona ujenzi wa kasi ile. Mengi yalikuwa ya sekondari, lakini hata kama yote yangekuwa ya shule ya msingi, zidisha 15,000 kwa 45, unapata watoto 675,000. Wanaoandikishwa darasa la kwanza nchini ni zaidi ya milioni moja kila mwaka, na mwaka unaofuata wanakuja wengine huku wale bado wamekaa. Sisemi juhudi ile ni bure. Nasema tulikimbia kwa nguvu zetu zote, tukabaki tulipokuwa, na kwa mwalimu hata kubaki ulipokuwa ni nafuu.

Kwenye majukwaa ya siasa mambo huwa mepesi zaidi. Mwaka 2018 Rais Magufuli, akiwa Meatu mkoani Simiyu, aliwaambia watu wasiwasikilize wanaowashauri kupanga uzazi, na kwamba anayeogopa kuzaa ni mvivu wa kulisha watoto. Miaka minne baadaye Rais Samia, akiwa ziarani mkoani Geita, akahimiza kinyume, kwamba kasi ya kuzaa ipungue maana hospitali na shule haziifikii. Tulikwishaimbishwa Nyota ya Kijani, ile kampeni ya uzazi wa mpango, tangu miaka ya 1990, na sera ya idadi ya watu tunayo tangu 1992. Mwanamke anayesikiliza redio akimenya viazi hapangi tumbo lake kwa hotuba ya Meatu wala ya Geita. Anaangalia mume anasemaje, mama mkwe anasemaje, na kama zahanati kitu kipo.

Mimi nilikwenda zahanati moja, jina lake haliongezi kitu, kufuata kijiti baada ya mtoto wangu wa pili. Nesi mpole kabisa akaniambia, "Dada, vijiti vimeisha, rudi Alhamisi." Alhamisi nikapewa Alhamisi nyingine. Mara ya tatu nikakubali sindano, kwa shingo upande, kwa kuwa niliomba ruhusa kazini mara mbili na mwalimu mkuu alishaanza kuniangalia. Mimi nina mshahara na nauli. Tulikuwa kwenye benchi na mama mmoja aliyetoka Msongola kwa miguu, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Aliposikia vimeisha aliuliza tu kama kuna maji ya kunywa. Utafiti wa 2015 na 2016 ulikuta wanawake 32 kati ya 100 walioolewa wanatumia njia za kisasa. Wa 2022 ukakuta 31. Wanaosema wanawake wa Kitanzania hawataki kupanga uzazi wangekaa kwanza kwenye benchi lile asubuhi moja.

Kinachoniumiza kichwa kuliko tumbo la mtu yeyote ni ardhi. Mwaka 1967, ukigawa nchi kwa watu wake, kila kilomita ya mraba ilikuwa na watu kama 14. Mwaka 2022 walikuwa kama 70. Wastani huo unadanganya pande zote mbili, kwa sababu kuna mapori ya Katavi ambako unatembea kutwa huoni moshi, na kuna Lushoto. Lile shamba ambalo babu hakuwa na wa kugawana naye aliwagawia wanawe watano. Kila mmoja alipata kipande kinacholimika na kipande cha jabali. Baba alipata upande wenye migomba na miti mitatu ya peasi. Alipofariki, kaka yangu mkubwa alipima fungu letu kwa hatua, mikono nyuma, mimi na wadogo zetu tukimfuata. Arobaini na moja kwenda chini, ishirini na sita kwenda pembeni. Akarudia, akidhani amekosea. Sisi ni wanne.

Hakukuwa na ugomvi. Tulikubaliana alime mdogo wetu aliyebaki nyumbani, anapanda kabichi na karoti, lori linapita usiku kushuka Mombo na kuendelea Dar es Salaam, na alfajiri mzigo uko sokoni. Sisi watatu wengine tukashuka na hizo kabichi. Ndivyo Dar iliyokuwa na watu kama 273,000 mwaka 1967 ilivyofika milioni 5.4 mwaka 2022. Sehemu ilizaliwa humo humo Mbagala na Tandale, sehemu imeshushwa na malori. Nilinunua kiwanja huku Chanika wakati bado panaitwa shamba, ishirini kwa ishirini, mikorosho miwili imesimama ndani. Jirani yangu alinunua cha ukubwa huo huo, akauza nusu alipougua mkewe, na aliyenunua nusu naye ameshaigawa. Mlango wa nyumba ya tatu unafungukia ukutani kwa nyumba ya pili. Siku za sensa nilihesabu kaya tano pale ambapo ramani yangu ilionyesha moja, na wote walikuwa wema, wakanipa kiti.

Wanangu wamezaliwa hapa. Wakienda Lushoto wanashangaa baridi, wanauliza shamba letu linaanzia wapi, na mjomba wao anawaonyesha kwa kidole kimoja bila kuzungusha mkono.

Kuna kaya moja sikuiandika yote, nayo inanijia kila nikisikia ile namba ikitajwa. Kanuni ya sensa ilikuwa moja: tunahesabu waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti. Aliyezaliwa kabla ya saa sita usiku anahesabiwa. Aliyezaliwa baada ya hapo hahesabiwi. Siku ya tatu ya kazi niliingia nyumba ambayo mama alikuwa kitandani na kichanga kimefunikwa kanga mpya. Baba mwenye nyumba akataja watu wote, mimi naandika, mwisho akasema na huyu hapa, mgeni wetu. Nikauliza kazaliwa lini. Tarehe 23. Saa ngapi? Akamwangalia mkewe. Saa tisa na nusu usiku.

Nikawaeleza kanuni. Baba alielewa haraka, akacheka, akasema huyu kawahi kukwepa serikali. Mama hakucheka. Aliniuliza lini tena mtahesabu, nikamwambia 2032. "Atakuwa darasa la nne," akasema, "na hajulikani." Nikamwambia ana kadi ya kliniki, atapata cheti cha kuzaliwa, anajulikana. Akaendelea kuniangalia, halafu akaniambia, "Basi mwandike hata pembeni, mwalimu."

Kishikwambi hakina pembeni. Nilichukua daftari langu la maandalio ya somo, kwenye ukurasa wa nyuma wenye orodha ya waliolipa michango ya uji, nikaandika kwa kalamu nyekundu: mtoto wa kike, kilo tatu na robo, saa tisa na nusu usiku. Nikamwonyesha. Akasoma, akaomba niongeze jina.